Penisetamu ‘Rubrum’: nyasi ya mapambo inayostahili nafasi yake, mradi uuziwe ile ya kweli

‘Rubrum’ ni nyasi ya kudumu inayonunuliwa kwa rangi yake. Majani ni ya damu ya mzee tangu yanapochipua, na juu yake hutoka masuke ya sentimita 20 hadi 30, yenye nywele laini, yanayoinama na kutikisika kwa upepo mdogo kabisa. Mmea uliokomaa hufika sentimita 90 hadi 120 kwa majani, na masuke huupandisha hadi kama mita moja na nusu. Kichaka hujaa upana wa sentimita 60 hadi 90 kisha kinatulia. Hakisambazi mashina chini ya ardhi, hivyo hakivamii mimea ya jirani.

Tunaupima mmea huu kama bidhaa: kile unachouziwa, mambo ya kukagua kabla ya kulipa, jinsi ya kuupanda, na yanayouharibu. Kwa bustani yenye jua na udongo usiotuamisha maji, hatujui nyasi ya rangi inayoizidi kwa kazi inayofanya. Lakini sifa zote zinazofuata ni za ‘Rubrum’ iliyotokana na kugawanywa kwa mmea mama. Mche wa mbegu uliobandikwa jina hilo ni kitu kingine kabisa, na unaweza kukuletea balaa.

Kibandiko na ukweli wake

Kwa miaka mingi wauzaji wameiandika Pennisetum setaceum ‘Rubrum’, na wengi bado wanaiandika hivyo. Wataalamu wa nyasi waliitenga na setaceum wakaipa jina la Pennisetum advena. Mwaka 2010 jenasi ya Pennisetum, yaani kundi la nyasi za ukoo huo, iliunganishwa na Cenchrus, kwa hiyo vibandiko vipya huanza na neno Cenchrus. Mmea mmoja unaweza kukutana nao kwa majina yote hayo, na hilo peke yake lisikutie shaka na muuzaji.

Kinachopaswa kukutia shaka ni setaceum yenyewe. Hiyo ina majani ya kijani, masuke ya waridi au zambarau hafifu, na mbegu nyingi mno. Asili yake ni Afrika ya Kaskazini na Mashariki pamoja na Rasi ya Arabuni na maeneo ya jirani. Ilipopelekwa kwingine kama pambo, ilitoroka bustanini. Huko Hawaii imefunika mashamba makubwa ya miamba ya volkano ambako zamani hakukuwa na majani ya kutosha kuungua, na sasa moto hupita humo kwa kasi, unaua miti ya asili, kisha nyasi yenyewe inachipua tena kabla ya mimea mingine. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha yake ya spishi vamizi mwaka 2017, na tangu hapo kuiuza na kuiotesha huko ni marufuku. Mbegu zake hujitunga bila kuchavushwa, kwa hiyo mmea mmoja peke yake unatosha kuanzisha msitu. Upepo, maji, manyoya ya wanyama na magurudumu ya magari huzisambaza, na zikishaingia ardhini zinaweza kukaa hai miaka kadhaa.

‘Rubrum’ haina tabia hiyo. Masuke yake ni mazuri lakini karibu yote hayana mbegu hai. Ndiyo maana nyasi hii inaongezwa kwa kugawanya mashina, na kwenye vitalu vikubwa kwa vipandikizi vya mabua au kwa kuotesha vipande vidogo vya tishu yake maabarani. Ndiyo maana pia pakiti ya mbegu iliyoandikwa ‘Rubrum’ ni ya kuachwa hapo hapo ilipo. Ukiipanda, kitakachoota huenda kikawa setaceum ya kijani, na utakuwa umeileta mwenyewe nyumbani.

Kuna njia ya kuzitofautisha hata kama mmea umekaa kivulini na rangi yake imefifia. Chukua rula upime upana wa jani lililokomaa, katikati ya urefu wake. Jani la ‘Rubrum’ ni bapa na lina upana wa milimita 6 hadi 11. Jani la setaceum ni jembamba, milimita 2 hadi 3.5, na ukipitisha kidole upande wa chini utausikia mshipa wa kati umenenepa kuliko jani lenyewe. Kipimo hiki hakidanganyi kama rangi inavyoweza kudanganya, na kinachukua nusu dakika.

Mwingine anayechanganywa nayo ni uwele wa mapambo, hasa aina ya ‘Purple Majesty’ iliyopata nishani ya dhahabu ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu mimea mipya, mwaka 2003. Nao ni wa zambarau iliyokolea, lakini jani lake ni pana kama la mahindi, suke limesimama wima na kujaa punje, na mmea wote hufa msimu ukiisha. Uwele huo ni mzuri na kwa kweli huoteshwa kwa mbegu. Ila aliyelipia nyasi ya kudumu hakuutaka.

Kukagua kabla ya kulipa

Usichague kwa urefu. Mmea mrefu wenye mabua matatu ni dhaifu kuliko mfupi wenye vishina kumi na viwili. Hesabu vishina vinavyotoka kitakoni, yaani pale mizizi na mashina yanapokutana, na uchague wenye vingi. Bonyeza kitako kwa kidole: kiwe kigumu. Kikibonyea au kikitoa harufu ya uvundo, mmea umeanza kuoza na hautapona kwa kubadilishiwa udongo.

Omba kuutoa mmea kwenye chungu au kuchungulia chini ya kiriba. Mizizi mizima ni myeupe au ya maziwa. Ikizunguka mara moja au mbili hakuna neno. Ikiwa imejisokota hadi udongo hauonekani, mmea umekaa kitaluni muda mrefu na utapaswa kuikata kabla ya kupanda. Wakati huo huo tazama kama kuna vijitunguu vidogo vyeusi au vya kahawia vilivyoshikana na nyuzi nyembamba. Hiyo ni ndago. Ni tatizo la kawaida la nyasi za vitaluni kwa sababu majani machanga ya ndago hujificha katikati ya nyasi nyingine, na ikishaingia bustanini utaing’oa miaka. Bua la ndago lina pembe tatu ukilizungusha kati ya vidole, la ‘Rubrum’ ni la mviringo. Kiriba chenye ndago kirudishe, hata ukiambiwa utapunguziwa bei.

Majani yenye ukijani kwenye mmea uliokaa chini ya neti ya kivuli si kasoro. Machipukizi mapya yatakayotoka juani yatakuwa na rangi kamili, ingawa yale ya zamani hayatageuka. Uhamishe kwa hatua, siku chache za jua la asubuhi kwanza, kwa sababu majani yaliyozoea neti huungua ncha yakitupwa ghafla kwenye jua la mchana.

Kuhusu ukubwa, chungu cha lita 3 ndicho tunachokipendekeza. Mmea wa lita 1 ni wa bei nafuu na ukipandwa mwanzo wa joto huwafikia wenzake ndani ya msimu mmoja, lakini hausamehe ukikosa maji siku mbili. Mmea wa lita 10 unalipia urefu ambao ungeupata mwenyewe kwa miezi michache. Una maana pale tu bustani inapotakiwa ionekane imekomaa kwa tarehe fulani.

Mahali na udongo

Rangi nyekundu ya majani hutokana na anthosayanini, kemikali ya rangi, na mmea huitengeneza kwa wingi ukiwa juani. Saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku ndicho kiwango cha chini. Jua likiwa la saa nne tu kwa siku utapata mmea hai, wa kijani chenye wekundu wa mbali, wenye mabua marefu yanayolala na masuke machache. Hakuna mbolea itakayofidia jua lililokosekana. Aliye na bustani ya kivuli aachane na nyasi hii bila majuto.

Udongo wowote unafaa mradi maji yasisimame. Kichanga, tifutifu, hata mfinyanzi uliolegezwa, na pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 5.5 na 7. Ili kujua kama maji yanapita, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze, acha maji yaishe, kisha lijaze tena na usimamishe rula. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usipande hapo moja kwa moja. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa bustani. Kuchanganya mchanga kidogo kwenye mfinyanzi hakusaidii, mara nyingi kunautengeneza uwe mgumu zaidi. Mboji ndiyo inayofungua mfinyanzi: tandaza tabaka la sentimita 5 na uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 20 au 25, kwa eneo zima la tuta. Kuiweka ndani ya shimo la mmea peke yake hakutoshi.

Kupanda

Wakati mzuri ni mwanzo wa msimu wa joto au mwanzo wa mvua, udongo ukiwa umeshapata uvuguvugu. Hii ni nyasi ya joto. Ikipandwa kwenye udongo wa baridi inakaa tu bila kukua, na kukaa hivyo kwenye unyevu ndiko kunakoozesha mizizi.

Mwagilia mmea ukiwa bado kwenye chungu, saa moja kabla. Chimba shimo lenye kina sawa na bonge la mizizi na upana mara mbili yake. Shimo refu kuliko bonge ni kosa, kwa kuwa udongo uliolegezwa chini utashuka na kukivuta kitako kizame. Mizizi iliyojisokota ipasue kwa kisu: mikato mitatu au minne ya wima pembeni, kina cha sentimita 2, kisha fungua sehemu ya chini kwa vidole. Weka mmea ili kitako kiwe sawa na uso wa ardhi au sentimita moja juu yake. Rudisha udongo, ushindilie kwa mikono, wala usitumie kisigino, kisha mwagilia lita 4 au 5 polepole hadi bonge lote lilowe.

Nafasi kati ya mmea na mmea ni sentimita 75 kwa safu inayotakiwa kuungana, na sentimita 90 kama unataka kila kichaka kionekane peke yake. Wengi hupanda kila sentimita 40 kwa sababu miche inaonekana midogo na udongo uko wazi. Baada ya mwaka mmoja vichaka vinabanana, vya katikati vinakosa jua na kufifia, unyevu unakwama kati ya majani na madoa ya ukungu yanaanza. Pengo la mwanzo lijaze kwa maua ya msimu mmoja.

Matandazo ya sentimita 5 yanasaidia sana, ila yaache mbali na kitako kwa upana wa vidole vitatu.

Maji na chakula

Wiki sita hadi nane za kwanza ndizo zinazoamua. Mwagilia mara mbili au tatu kwa juma, lita 4 au 5 kwa mmea, ukielekeza maji chini. Usimwagie juu ya majani. Chomeka kidole hadi sentimita 5: kukiwa na unyevu, subiri kesho. Baada ya hapo mmea uliopandwa ardhini unatosheka na kama milimita 25 za maji kwa juma wakati wa joto, mvua ikihesabiwa humo. Ukishakomaa unavumilia ukame wa wiki kadhaa. Kuvumilia huko kuna gharama yake, kwani ncha hukauka na masuke hupungua, kwa hiyo anayetaka mapambo asiusahau mmea kwa kuwa tu haufi.

Kwenye mbolea, kidogo ndiyo sawa. NPK (mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya 10-10-10 gramu 50 kwa mita ya mraba, au 17-17-17 gramu 30, mara moja machipukizi mapya yanapoanza, inatosha mwaka mzima. Kwenye udongo wenye rutuba tabaka la mboji la sentimita 2 au 3 linatosha bila mbolea ya dukani. Nitrojeni ikizidi utaona mambo matatu kwa mpangilio: kwanza majani yanakuwa mapana na ya kijani zaidi, kisha mabua yanarefuka na kulala nje wakati wa mvua, mwisho masuke yanakuwa machache. Samadi mbichi ya kuku huleta hayo yote kwa mwezi mmoja, na huweza kuunguza mizizi. Ikibidi kutumia samadi, iwe imeoza kabisa. Na kama ‘Rubrum’ iko pembeni ya nyasi za uwanja zinazolishwa nitrojeni mara kwa mara, mbolea hiyo huifikia pia.

Kukata

Mara moja kwa mwaka. Palipo na majira ya baridi, kata mwishoni mwa baridi kabla ya chipukizi. Pasipo na baridi ya kusimamisha ukuaji, kata mwishoni mwa kiangazi, wiki mbili tatu kabla ya mvua, au majani makavu yanapokuwa mengi kuliko mabichi. Funga kichaka kizima kwa kamba katikati, kata kwa mkasi wa ua sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, uondoe furushi lote kwa mara moja. Vaa glavu na mikono mirefu, kingo za majani hukwaruza.

Usikate hadi ardhini. Vichomozo vya ukuaji viko ndani ya zile sentimita za chini, na kichaka kilichonyolewa sawa na udongo huchipua pembeni tu, katikati kikabaki kipara. Usikate nusu nusu kila mwezi kama ua pia: kila bua linalokatwa juu ndilo lililokuwa linakuja na suke.

Masuke yenyewe yana maisha yake. Yakifunguka ni mekundu yaliyokolea, baada ya wiki kadhaa yanapauka hadi rangi ya majani makavu. Anayependa usafi ayachomoe moja moja. Kwa kukausha ndani ya nyumba, yakate yakiwa yamefunguka nusu tu na uyaning’inize kichwa chini mahali pakavu penye hewa. Yakishafunguka yote hupukutika kila yakiguswa.

Kugawanya

Baada ya miaka miwili au mitatu katikati ya kichaka hufa na kubaki duara tupu. Hali hiyo ni ya umri, usiihesabu kuwa ugonjwa. Dawa yake ni kugawanya, na hapo hapo unapata miche ya bure ambayo una uhakika nayo kuliko yoyote utakayouziwa.

Fanya hivyo mwanzo wa ukuaji, chipukizi zikiwa na urefu wa kidole. Mwagilia siku moja kabla. Kata majani yabaki sentimita 15, chimba kuzunguka kichaka kwa sepeto kali, ukinyanyue. Kitako cha kichaka cha miaka mitatu ni kigumu, sepeto peke yake huweza kushindwa. Msumeno wa kupogolea unakipasua vizuri. Chukua vipande vya pembeni, kila kimoja kiwe na vishina vitano au sita vyenye mizizi yake, na utupe katikati iliyokufa. Vipande vya vishina viwili vinaweza kushika, lakini vingi vitakauka na vinavyobaki huchukua msimu mzima kujaza. Panda siku hiyo hiyo, weka kivuli cha neti au matawi kwa siku 7 hadi 10, na usitie mbolea hadi majani mapya yatoke. Msimu huo masuke yatakuwa machache.

Chunguni

Hapa ‘Rubrum’ inang’ara, na kwa wakazi wa ghorofani pengine ndipo mahali pake. Chungu kiwe na kipenyo na kina cha sentimita 30 hadi 35 kwa mmea mmoja, chenye matundu ya uhakika. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za udongo mzuri wa bustani au wa vyunguni, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga mkavu wa chembe kubwa au perlaiti, zile chembe nyepesi nyeupe za kulegeza udongo. Usiweke tabaka la kokoto chini kwa imani kwamba zinapitisha maji. Maji husimama juu ya kokoto, kwenye udongo ulioko hapo, na sehemu yenye unyevu mwingi inapanda kuikaribia mizizi. Kipande cha neti juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Kwenye joto kali chungu kinataka maji kila siku, hadi yatoke chini. Yaliyojaa kwenye sahani yamwagwe baada ya nusu saa. Kila mwezi mara moja mwagilia mara mbili mfululizo ili kusafisha chumvi za mbolea, kwa maana hizo ndizo chanzo cha ncha kavu kwenye vyungu vingi vinavyomwagiliwa vizuri. Kila mwaka au miwili mizizi hujaza chungu kiasi cha kupasua plastiki nyembamba. Toa, gawanya, panda upya.

Baridi

Hili ndilo pungufu kubwa la bidhaa hii, na wauzaji wa nchi zenye theluji hawalisemi kwa sauti: wanaiuza kwenye meza ya mimea ya kudumu, ilhali kwao ni ya msimu mmoja. Baridi kidogo ya umande kuganda hukausha majani. Joto likishuka hadi nyuzi -5 au -6 za selsiasi kitako chenyewe hufa. Anayetaka kuiokoa achimbe kabla ya baridi hiyo, akate majani yabaki sentimita 15, apande chunguni na kuweka mahali penye mwanga na joto la nyuzi 5 hadi 10. Maji kidogo tu kila wiki tatu au nne, ili mizizi isikauke kabisa. Wengi huipoteza hapa kwa kuinywesha kama wakati wa joto. Irudishe nje usiku unapokuwa juu ya nyuzi 10, na uwe na subira, kwani hata ikiwa nzima huamka polepole.

Ikikataa

Isipotoa masuke, anza kuhesabu saa za jua. Kama zinatosha, fikiria mbolea, kisha kama iligawanywa au kukatwa karibuni. Majani ya chini yakigeuka njano na mmea kulegea ilhali udongo umelowa, kitako kimezama au maji hayapiti. Ung’oe, kata mizizi ya kahawia iliyolainika, panda juu zaidi. Ukiusogeza haraka unapona, ukisubiri wiki mbili ukaendelea kumwagilia kwa kudhani una kiu, umekwisha.

Vumbi la rangi ya machungwa chini ya majani ni kutu. Madoa ya kijivu yenye ukingo wa kahawia ni ukungu mwingine unaopenda joto na unyevunyevu. Dawa ya kwanza kwa yote mawili ni hewa: punguza msongamano, kata majani yaliyougua uyatoe bustanini, mwagilia asubuhi na chini. Ikiwa kichaka chote kimeshikwa, kikate hadi sentimita 15, kitachipua kisafi. Kunyunyizia dawa ya ukungu bila kubadilisha nafasi na maji ni kupoteza fedha.

Pamba nyeupe zilizojificha kwenye maungio ya majani ni vidung’ata. Huonekana zaidi kwenye mimea ya chunguni na iliyohifadhiwa ndani. Maji ya sabuni laini, mililita 5 hadi 10 kwa lita, yapigwe ndani kabisa ya maungio jioni, na kurudiwa baada ya siku saba, mara tatu. Majani yenye vidoto vya njano na utando mwembamba kwenye mmea wa ndani ni utitiri, na chanzo ni hewa kavu. Usafishe kwa maji ya nguvu upande wa chini wa majani.

Ndugu zake

‘Vertigo’, iliyo ya ukoo wa mabingobingo, ina majani mapana zaidi na weusi uliokolea kuliko ‘Rubrum’, lakini si ya masuke. Ichukue kama unataka ukuta wa rangi nyuma ya maua mengine. Nayo haivumilii baridi.

‘Fireworks’ ilitokana na ‘Rubrum’ yenyewe: majani yana mistari ya waridi, nyeupe na damu ya mzee. Ni fupi, sentimita 60 hadi 90, na hukua taratibu kidogo kwa kuwa sehemu ya jani haina ukijani wa kutengenezea chakula. Inafaa chunguni kuliko ardhini. Shida yake ni kwamba mara kwa mara hutoa vishina vya rangi moja, vya zambarau tupu, ambavyo vina nguvu kuliko vyenye mistari. Usivikate juu. Fuata kishina hadi kitakoni, king’oe pamoja na mizizi yake mara tu unapokiona, kwa sababu vikiachwa mwaka mmoja kichaka chote kitakuwa kimerudi kuwa ‘Rubrum’.